Mwaka wa Kujifunza Kushona Vibaya

Ujumbe ulinifikia nikiwa nimepiga magoti sakafuni, pini tano mdomoni, nikipima pindo la gauni la bibi harusi mmoja wa Sandton. Simu ilitikisika mezani, nikaiacha. Bibi harusi alipoingia chumba cha kubadilishia ndipo nilipoisoma: Madame Hedwig amefariki, alfajiri ya Jumapili, usingizini, katika nyumba ya wazee alikoishi miaka yake ya mwisho. Aliyeandika ni Ulrike, mpwa wake, ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja tu maishani. Nilitoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka mahali pake, nikamwambia bibi harusi arudi wiki ijayo. Ijumaa nilifunga duka langu la Fordsburg, hapa Johannesburg, nikaenda kanisani. Tulikuwa watu kumi na mmoja tu. Wazee wa Kijerumani walikaa mbele, mimi nikakaa nyuma na kitenge changu cheusi cha nakshi za dhahabu, kwa sababu kwetu Bukavu mtu aliyekufa husindikizwa kwa nguo bora uliyo nayo. Baada ya ibada tulipewa kahawa na keki katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, na Ulrike, ambaye sasa naye nywele zimekuwa nyeupe, akaja kukaa karibu nami. Aliniuliza ilikuwaje hasa tukafahamiana, mimi na shangazi yake. Nilimjibu kwa kifupi kwamba nilimrekebishia nguo zake za utotoni. Akasema hilo alilijua. Alitaka kujua urafiki wenyewe ulivyoanza. Basi nikaanza kusimulia, kahawa ikapoa, wengine wakaondoka, na bado nilikuwa nimemwambia nusu tu. Hapa naandika yote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa Johannesburg kwa miezi minne tu. Tuliishi Hillbrow, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujafika na haikufufuka mpaka tukahama. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa shuka mbili zilizoning'inizwa kwenye waya: upande wa dirisha ni mlinzi mmoja wa Lubumbashi na mke wake, upande wa mlango ni mimi na Shangazi Nabintu, dada mdogo wa baba yangu, ambaye alikuwa msusi katika saluni iliyokuwa chini ya jengo lilelile. Jiko la umeme lilikuwa la wote. Tulipika bugali kila siku, na kabichi, na siku za bahati sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwa Kivu, ambao mtu wa kwetu alikuwa amewaleta kwenye begi lake la safari hata nguo zake zote zikanuka samaki. Shuka haizuii maneno. Usiku nilikuwa nikimsikia mke wa mlinzi akimwuliza mumewe taratibu, kwa Kiswahili chao cha Katanga, yule binti wa sindano atakula nini katika mji huu ambao nguo zinatoka China kwa makontena. Sikumchukia. Lilikuwa swali ambalo hata mimi nilijiuliza. Kwetu nilikuwa nimejifunza kushona kwa mkono kwa masista, miaka mitatu, pindo na vifungo na mishono isiyoonekana, na ndiyo kazi pekee niliyoipenda. Shangazi alitaka nijifunze kusuka, kwa sababu kichwa kila mtu anacho. Tulibishana mpaka mwishowe akasema: "Sawa, Furaha. Nakupa mwaka moja. Noeli ikifika na hiyo sindano haijakufikisha pahali, utakuja saluni na sitasikia neno tena." Nilikubali. Nilikuwa na umri ambao mwaka mmoja unaonekana mrefu.

Kazi ilikuja kupitia kichwa cha mtu, kama Shangazi alivyopenda kunikumbusha baadaye. Mama mmoja Mzulu aitwaye Thandi, mteja wake wa kila mwezi, alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja wa Kizungu huko Parktown. Siku moja akiwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, alisema madam wake anatafuta mtu wa kushona kwa mkono, siyo kwa cherehani. "Eish, nimemwambia watu kama hao wamekwisha kufa," Thandi alisema. Shangazi hakuinua macho kwenye nywele. Alininyooshea kitana nilikokuwa nimekaa na kusema, "Huyu hapa bado anapumua." Jumatatu iliyofuata nilitembea kwa miguu kutoka Hillbrow hadi Parktown, nikipita robot baada ya robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, na kwa nusu saa ile mji uligeuka mji mwingine: majengo yakashuka, miti ikapanda, kelele zikabaki nyuma. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu mwenye miaka sitini na kitu, amevaa sweta la bluu lenye viraka vya kahawia kwenye viwiko vyote viwili. Nilidhani ni mtumishi mwingine. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba namtafuta madam. Alisikia lafudhi yangu, akanijibu kwa Kifaransa safi cha zamani, Kifaransa ambacho nilikuwa nimekisikia kwa sista mkuu peke yake: "Madam ndiye mimi, Mademoiselle. Ingia, kuna upepo."

Kifaransa alifundishwa na mwalimu wa kike kutoka Uswisi aliyeishi nao utotoni, kwa sababu watoto wa ukoo wa kimwinyi kama wake walitakiwa kukijua kabla ya kujua kufunga viatu. Mumewe, mhandisi wa migodi aliyemleta Afrika Kusini, alikuwa amefariki, watoto hawakuwa nao, na kwa miaka mingi hakuwa na wa kuzungumza naye lugha ile. Nadhani alinichukua kwanza kwa ajili ya Kifaransa, na sindano ikafuata. Alininenea kwa "vous", ile namna ya heshima ya Wafaransa ya kumwambia mtu mmoja kana kwamba ni wengi, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Katika mji ambao polisi, makarani na makondakta waliniita "wewe, mgeni", mimi msichana wa ghorofa ya tisa niliitwa kwa wingi. Nilikuwa nikishuka ile barabara jioni na kulirudiarudia neno lile moyoni.

Chumba cha kazi kilikuwa chumba cha kulia, chenye meza ndefu na dirisha la upande wa kaskazini lililoingiza jua siku nzima. Juu ya meza kulikuwa na sanduku lililonuka kafuri. Ndani yake mlikuwa na nguo kumi na moja za watoto, zote za wakati wa vita vikuu vya pili, zote za nyumba moja kubwa iliyokuwa mashariki ya Ujerumani ya zamani, mahali ambapo leo ni nchi nyingine. Jumba moja la makumbusho huko Ujerumani lilikuwa limeomba kuzionyesha, na Ulrike angekuja Desemba kuzichukua. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya ziweze kusafiri: kuzisafisha, kukaza nyuzi zilizoanza kuachia, kufunga matundu ya nondo. Nilitarajia hariri na vifungo vya dhahabu. Nilipata soksi za sufu zilizofumuliwa na kufumwa upya mara nyingi hata hazina rangi, shati la ndani lililokatwa kutoka shuka la kitani, viatu vyenye soli za mbao, koti la kijivu la mvulana, na gauni moja la mahameli ya kijani lenye mistari iliyopauka toka begani hadi pindoni, kana kwamba mtu amelimwagia maziwa.

"Mbona ni nguo za maskini, Madame?" nilimwuliza siku ya pili. Nilikuwa mdogo na sikujua kuzunguka.

Hakukasirika. Alisema kwamba kwao, hata kabla ya vita, nguo mpya ilikuwa aibu ndogo. Watu wa mjini waliotajirika juzi ndio waliovaa mapya. Wao, ambao majina yao yalikuwa yamechongwa kwenye mawe ya kanisa, walivaa vya babu zao na kujivunia viraka. Mtoto wa kwanza alipata kipya, wengine walirithi. Yeye alikuwa wa nne. Alikuwa na miaka tisa alipovaa kwa mara ya kwanza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekivaa, nacho ni lile gauni la kijani: ukumbi wa dansi ulikuwa umefungwa kwa kuwa hakukuwa na makaa ya kuupasha moto, mapazia yakashushwa, yakakatwa. Ile mistari ilikuwa alama ya jua, pale ambapo mikunjo ya pazia ilitazama dirisha kwa miaka sitini.

Saa saba kamili kazi ilisimama. Tulisogeza nguo upande mmoja wa meza, upande wa pili ukatandikwa kwa watu wawili. Vitambaa vya kufutia midomo vilikuwa vimezibwa kwa uzi hata uzi ulikuwa mwingi kuliko kitambaa, na vijiko vya fedha vilikuwa vizito hadi mkono wangu ulichoka. Chakula chenyewe kilikuwa supu ya viazi, mkate mweusi, na nusu ya tufaha kwa kila mmoja. Nilipomwuliza Thandi kwa nini haji kula nasi, alicheka. "Mimi nakula jikoni na redio yangu. Huko mezani hamsemi kitu ninachoelewa, halafu supu haina chumvi. Sharp, mimi niko sawa, nyinyi endeleeni." Basi tukaendelea wawili, na pale mezani ndipo nilipoijua ile nyumba chumba kwa chumba. Nilimjua bibi yake, aliyeketi kila jioni kichwani pa meza na hariri nyeusi, na chini ya hariri amevaa suruali ya kuwindia ya marehemu mumewe kwa sababu ya baridi. Nilijua kwamba watoto walibadilisha nguo kila jioni na kukaguliwa kucha hata walipokuwa wanakwenda kula viazi vya kuchemsha. Nilijua kwamba jamaa waliokimbia miji iliyopigwa mabomu walijaa kila chumba, na watoto waliojificha chini ya meza walisikia mambo ambayo hayakutakiwa kusikiwa: nani amekufa, nani amekamatwa, nani bado anaamini tutashinda na kwa hiyo asiambiwe kitu.

Siku moja, nadhani ilikuwa Mei, nilimwuliza imekuwaje nguo hizi zikapona wakati nyumba yenyewe haikupona. Alikuwa akimenya tufaha. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba walipokimbia walipakia masanduku mengi kwenye mkokoteni wa farasi, na masanduku yote yalipotea njiani. Kilichopona ni kile kilichokuwa mwilini. Mama yake alikuwa amewavika watoto kila kitu, kimoja juu ya kingine. Yeye, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, alivaa gauni tatu na makoti mawili, mikono haikunjiki, akianguka kwenye theluji hawezi kuinuka mwenyewe mpaka mtu amsimamishe kama gunia. "Tulikuwa tunafanana na makabichi," alisema.

Mimi nilikuwa nimeshika kijiko na sikukishusha. Nikamwambia kwamba asubuhi niliyoondoka Bukavu mama yangu, ambaye yeye alibaki kumtunza bibi asiyeweza kutembea, alinivika gauni mbili, sweta la kaka, na vitenge vitatu alivyonizungushia kiunoni kimoja baada ya kingine, akisema mzigo wa mkononi huibiwa lakini mtu havuliwi nguo barabarani. Niliingia Zambia hivyohivyo, katikati ya joto, na askari wa mpakani aliniuliza kama nina mimba. Nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote jambo hilo, hata Shangazi. Madame Hedwig alinigawia nusu yake ya tufaha. Nakumbuka kwamba sikuona huzuni. Niliona wepesi, kana kwamba mtu amenisaidia kuvua kimojawapo.

Sitaki kumfanya malaika. Juni alipokuwa akinionyesha jinsi gauni la kijani lilivyoshonwa, nilimsifu fundi wake, kwa sababu mishono ilikuwa midogo na sawa kama punje za mtama. Akaniambia kwamba alilishona msichana mmoja wa Kipolandi, Marysia, aliyeletwa kwa nguvu kufanya kazi kwenye shamba lao wakati wa vita, na mama yake alipogundua kwamba anajua kushona akamwingiza ndani. "Na yeye alivaa nini?" niliuliza. Alifikiri. Akasema alikuwa na gauni moja la kazi, la rangi ya udongo, majira yote. "Na mlipokimbia?" Alishusha pindo la gauni mezani. "Sijui, Furaha. Aliachwa. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa mtoto mwenye gauni tatu mwilini, na sikuuliza." Hakujitetea zaidi ya hapo. Nikarudi kwenye sindano yangu, na kwa siku kadhaa niliona ugumu kuligusa lile gauni. Kisha nikaligusa kwa uangalifu zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu nilijua limetoka mkononi mwa nani.

Kosa langu nililifanya Agosti. Lile koti la kijivu lilikuwa limevaliwa kwanza na kaka yake mkubwa, na kiwiko cha kulia kilikuwa na kiraka cha kitambaa kingine kabisa, kimeshonwa kwa uzi mweusi mnene, mishono imetawanyika kama siafu waliokanyagwa. Kwenye orodha aliyoniandikia, Madame alikuwa ameandika tu: koti, safisha, funga bitana iliyoachia. Lakini jicho langu halikuweza kuvumilia kiraka kile. Nilitaka aone ninachoweza. Kwa siku mbili, yeye akiwa na mafua chumbani kwake, nilifumua kiraka, nikachomoa nyuzi za sufu ndani ya pindo la koti lenyewe, nikaziba tundu kwa kusuka uzi juu ya uzi mpaka kiwiko kikawa kama kipya. Masista wangelia kwa furaha. Siku ya tatu Madame alipotoka nililiweka mbele yake mezani. Aligeuza mkono wa koti, akaugeuza tena, akatafuta mkono wa pili.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Hakionekani tena, Madame," nilisema, na fahari ilinijaa.

Aliketi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliliweka koti mapajani akalaza kiganja juu yake. "Nenda nyumbani, Mademoiselle," alisema. "Leo hatutakula." Kisha akaenda chumbani na nikasikia mlango ukifungwa. Jikoni Thandi alizima redio. Nilipomweleza alishika mdomo. "Eish, dada. Kile kiraka alikishona mama yake." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Hukuniuliza," alisema, na ilikuwa kweli.

Niliporudi Hillbrow mapema vile Shangazi alielewa bila kuambiwa. Hakunicheka. Kesho yake nilishuka naye saluni, nikafagia nywele, nikachemsha maji, nikashika mikia ya rasta wakati yeye anasuka, na wanawake wa Kinshasa na wa Bujumbura wakizungumza juu ya kichwa changu habari za waume na karatasi za ukimbizi. Haikuwa kazi mbaya. Jambo hilo ndilo lililoniogopesha: niliona jinsi ambavyo ningeweza kuizoea. Siku ya tatu asubuhi nilimwambia Shangazi kwamba lazima nirudi Parktown hata kama ni kuomba radhi na kufukuzwa. Alinitazama, akanirekebisha kola. "Nenda. Lakini usilie mbele yake. Omba radhi umesimama wima."

Nilikuwa na kitu kimoja cha kumpelekea. Masista walitufundisha kutotupa uzi, kwa hiyo ule uzi mweusi niliokuwa nimeufumua niliuzungusha kwenye kipande cha karatasi ngumu, na kiraka nilikiweka bahashani. Madame alipofungua mlango nilimwomba radhi nikiwa nimesimama wima, kisha nikampa. Aliniingiza ndani. Pale mezani, bila chakula, alinieleza. Mama yake hakujua kushona. Alijua kutarizi maua kwenye hariri, kama mabibi wote wa aina yake. Kushona ni kazi ya watumishi. Wasichana wa nyumbani walipochukuliwa kwenda viwandani kutengeneza risasi, na Marysia akiwa shambani wakati wa mavuno, kiwiko cha koti la kaka kilichanika. Mama aliketi jikoni, mahali ambapo watoto hawakuwahi kumwona ameketi, akajichoma vidole, akalia kwa hasira, akashona. Ilikuwa mara ya kwanza kumfanyia mtoto wake kitu kwa mikono yake. Kaka alilivaa koti wiki mbili, akaitwa jeshini, ana miaka kumi na sita. Hakurudi. Koti likawa la Hedwig.

"Ulidhani unaondoa kitu kilichoshonwa vibaya," alisema, "na kweli kilikuwa kimeshonwa vibaya. Sikupaswa kukuacha bila kujua."

Nilimwambia kinaweza kurudi. Akatikisa kichwa. Nikamwonyesha: uzi ulikuwa bado umebaki na mikunjo yake, kila mkunjo mahali ulipoingia na kutoka, na kwenye kiraka matundu ya sindano yalikuwa wazi. Kwenye koti, nilipolielekeza dirishani, yalionekana pia, madogo, yakizunguka kazi yangu nzuri. Basi nilifumua ile kazi nzuri, na nakiri iliniuma, kisha nikaanza kumfuata mama yule tundu kwa tundu. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua siku nne. Mkono uliofundishwa hukataa kukosea. Kila nilipoacha kuuangalia ulinyoosha mstari, ukapunguza mshono, ukaficha fundo. Madame aliketi kando yangu na miwani puani. "Hapa aliruka," alisema. "Hapa alivuta mno, kitambaa kikakunjamana. Hapa nadhani alijichoma, tazama alivyokwenda kombo." Siku ya tatu niliacha kuona makosa. Nilianza kumwona mtu: mahali alipokata tamaa, mahali aliposhika kasi, mahali karibu na mwisho ambapo mishono sita inafuatana vizuri kwa sababu hatimaye alikuwa ameanza kujua. Siku ya nne jioni nilifunga fundo, fundo nene la ajabu, nikalisukuma koti kwake. Madame aliweka kiganja kwenye kiwiko. "Huyu ndiye," alisema. Kisha akaniuliza kama nina njaa.

Leo nina wasichana watatu dukani ninaowafundisha, na jambo gumu kuliko yote kuwafundisha ni hilo, kwa sababu halifanani na ufundi. Wananijia na nguo ya mteja mikononi, wamekwisha kushika mkasi. Nawaambia waulize kwanza aliyeshona ni nani. Wanadhani ni adabu tu ya wazee.

Oktoba mijakaranda ilipochanua na barabara ya Parktown ikawa zambarau, Madame alianza kuandika karatasi za kwenda na nguo. Jumba la makumbusho lilitaka tu aina ya kitambaa na mwaka. Yeye aliandika watu. Kwenye gauni la kijani aliandika kwamba limeshonwa na Marysia, jina la ukoo halijulikani kwa sababu familia haikuuliza, aliyeletwa kwa nguvu na kuachwa. Nilimwona akifuta na kuandika tena mara nyingi. Kwenye koti aliandika jina la mama yake, na ili aandike chini yake aliyekirudisha kiraka, akaniuliza jina langu kamili na jinsi linavyoandikwa. Mtu wa mwisho kuniuliza hivyo alikuwa karani wa vibali, ambaye alilikosea. Ulrike alipokuja Desemba, mwanamke mwenye haraka na viatu vizuri, alisoma karatasi zile akiwa amesimama, na aliposoma ile ya gauni alivuta kiti. Alimwuliza shangazi yake kwa Kijerumani jambo nisilolielewa. Madame alijibu neno moja. Ulrike akakunja karatasi, akaziweka sandukuni pamoja na nguo, zote, kama zilivyoandikwa.

Nguo zilipoondoka kazi yangu ilikwisha, na Noeli ilikuwa wiki moja mbele. Shangazi hakunikumbusha ahadi. Hakuwa na haja. Alichofanya ni kumwalika Madame kuja kula, kwa sababu, alisema, mtu huwezi kula kwake mwaka mzima asijue bugali yako. Alisafisha chumba siku mbili, mlinzi na mkewe wakakunja shuka kupanua nafasi, sombe, yale majani ya muhogo, ilipondwa na kupikwa tangu alfajiri, na Shangazi akavaa kitenge chake cha harusi za watu. Madame Hedwig alipanda ghorofa tisa kwa miguu, akipumzika kila ya pili, akaingia akiwa amevaa sweta lile la bluu lenye viraka vya kahawia. Uso wa Shangazi ulikunjika.

"Huyu ndiye mtoto wa wakubwa?" aliniambia kwa Kiswahili, akitabasamu kwa mgeni. "Amekuja kwangu na viraka?"

"Kwao ndiyo heshima, Shangazi."

"Kwetu ni dharau. Mwambie."

Nilikuwa nimejifunza mwaka ule kwamba kufunika jambo si mara zote ni kulitengeneza, basi nikatafsiri, kwa sauti ndogo, lakini yote. Madame Hedwig aliwekelea mkono kifuani. "Mwambie shangazi yako ana haki," alisema. "Nimevaa kama nilivyofundishwa na sikufikiri niko kwa nani. Je, anaweza kuniazima kitu?" Shangazi hakungoja nimalize kutafsiri. Alivuta begi chini ya kitanda, akatoa kitenge chekundu kilichokuwa bado na mkunjo wa dukani, akamzungushia yule bibi mrefu mabegani, akarudi nyuma hatua moja kumtazama, akamkazia tena vizuri kifuani. Madame alikaa nacho chakula kizima. Alikula bugali kwa vidole, taratibu, kwa adabu ileile aliyoshikia vijiko vya fedha, na alipoomba sombe mara ya pili mke wa mlinzi alinong'ona kwamba huyu kumbe ni mtu.

Baada ya chakula alisema alichokuja kusema. Kulikuwa na karakana ya mavazi ya ukumbi mmoja wa maigizo, Braamfontein, wanahitaji mshonaji wa mkono kuanzia Januari. Amezungumza nao. Shangazi alisikiliza tafsiri yangu akiwa ameangalia sahani.

"Mwulize ni kazi ama ni huruma."

"Kazi," alisema Madame. "Sikuwaambia ametoka wapi. Niliwaambia kwamba nawajua wengi wanaoshona vizuri, na huyu ni wa kwanza niliyemwona anayeweza kushona vibaya akiombwa."

Nilipotafsiri Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akawa makini. Alikusanya sahani, akazipanga, akazipangua. "Basi," alisema, "nitatafuta mtoto mwingine wa kufagia saluni."

Januari nilikwenda Braamfontein. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye dari la bati na nguo za wafalme, askari na malkia zikining'inia hadi mwisho. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye sentimita, ule utepe wa kupimia, shingoni, alinitupia joho la mfalme lililochanika toka bega hadi kiunoni. Onyesho lilikuwa wiki ile. "Unaweza kulifanya lisionekane?" aliniuliza.

Nililipeleka dirishani. Nikaligeuza ndani nje, nikatazama nani alilishona kabla yangu na jinsi alivyolishona. Kisha nikamwuliza kama joho lilichanika kwa bahati mbaya hapa karakanani, au ndani ya igizo mfalme amelichania vitani.

Aliniangalia. Akasema hakuna mshonaji aliyewahi kumwuliza jambo hilo. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kunisimulia igizo lenyewe toka mwanzo, na mimi nikatia uzi kwenye sindano.